Kwa wadogo zangu mnaovuka kwenda kufanya kazi ya kasino

Hapa barazani Kikwajuni, Unguja, hakosi kijana wa kuniuliza: "Kaka, nimepata kazi ya kasino Dar, niende?" Ya halali na haramu kaongee na wazee wako, bi mkubwa wangu alijua nafanya kazi hotelini, miaka mitatu. Mie nakupa ya mezani, ya kuchezesha wateja na kuwalipa.

Usidhani kasino inaishi kwa kuiba. Haina haja. Ruleti ni mchezo wa kubashiri gololi itaangukia namba gani. Gurudumu lake la Ulaya lina namba 37, kuanzia 0 mpaka 36. Mtu akiweka elfu moja juu ya namba moja na ikatoka, unamlipa 35,000 na elfu yake anabaki nayo. Haya, piga hesabu: aweke elfu moja kwenye namba zote. Katoa 37,000, anarudi na 36,000. Elfu ile iliyobaki ndiyo mshahara wako, umeme, walinzi na soda ya bure anayokunywa. Gurudumu la Kimarekani lina sifuri mbili, kwa hiyo zinabaki elfu mbili.

Ndiyo maana tajiri hababaiki mteja akishinda leo. Kinachomuuma ni mteja kuondoka mapema, na wewe kuwa mzito, maana kila gololi inapozunguka pana kipande chake. Malipo yakae kichwani: 35 kwa aliyeweka juu ya namba moja, 17 kwa mbili, 11 kwa tatu, 8 kwa nne. Mie jedwali la 17 nililikariri kwenye boti, wenzangu wanatapika.

Pesa nazo hazikai mezani kama pesa. Mtu anayesita kutoa noti ya elfu kumi, ukishamgeuzia kuwa chipu, vidude vya plastiki, anavisukuma kama kete za bao.

Mteja akikwambia namba nyekundu zimetoka sana, sasa zamu ya nyeusi, wewe tabasamu tu. Monte Carlo mwaka 1913 nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo, na waliokuwa wakiingojea nyekundu waliumia vibaya.

Wiki yangu ya pili nilimlipa mtu 35 badala ya 17. Chipu yake ilikaa juu ya mstari kati ya namba mbili, sikuuona. Yeye kimya. Usiku ule ule nikaitwa ghorofani kuoneshwa mkono wangu kwenye skrini ya kamera za ulinzi.

Kamera hizo ndizo sababu ya kugonganisha viganja mara moja kabla hujaacha meza, kisha ukavigeuza juu na chini, waone hukubeba kitu. Mpaka leo nikimaliza bao hapa barazani hufanya hivyo bila kujijua, na wazee wananicheka.