Uvimbe mmoja kichwani baada ya saratani ya mji wa mimba

Swali: Mama alitolewa mji wa mimba kwa saratani miaka miwili iliyopita. Sasa anaamka kichwa kikimuuma vibaya, anatapika, na mkono wa kulia umelegea. CT (picha ya ndani ya kichwa) aliyopigwa Malindi imeonyesha uvimbe mmoja wa sentimita 2.5. Kaandikiwa deksamethasoni. Je, ni saratani nyingine? Kuna tiba, au ndiyo basi? (Binti, Lamu)

Jibu: Dada, pole sana. Tiba ipo, na uvimbe ukiwa mmoja msikubali kuambiwa mkae tu nyumbani.

Saratani ya mji wa mimba hufika kwenye ubongo mara chache, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100, na mara nyingi ni zile aina kali. Hata hivyo, yaelekea ni ileile iliyosafiri kwa damu. Kwa hiyo apigwe MRI (picha ya sumaku) ya kichwa yenye sindano ya rangi (figo zipimwe kwanza), maana CT hukosa vivimbe vidogo. Kifua na tumbo navyo vipigwe CT.

Deksamethasoni haiui saratani. Inapunguza maji yanayouzunguka uvimbe, ndiyo maana mkono unaweza kupata nguvu ndani ya siku moja au mbili, na hapo ndipo familia nyingi huiacha dawa. Msiiache ghafla, daktari ndiye huipunguza kidogo kidogo. Soma pakiti: vipo vidonge vya miligramu 0.5 na vya 4, na makosa ya dozi huanzia hapo. Ameze baada ya chakula, dozi ya mwisho isipite saa nane mchana, la sivyo hatalala. Pimeni sukari. Diklofenaki na ibuprofeni asiguse, tumbo linaweza kutoka damu. Maumivu yatulizwe kwa paracetamol.

Kwa uvimbe mmoja wa ukubwa huo, mwili kwingine kukiwa kumetulia, njia ni mbili: kuutoa kwa upasuaji kisha kupiga mionzi pale ulipokuwa, au mionzi ya kulenga peke yake, takriban gray 18 (gray ni kipimo cha mionzi) kwa mara moja. Upasuaji hutangulia pale uvimbe unapokandamiza ubongo au daktari anapotilia shaka ni kitu gani. Mionzi ya kichwa kizima, kwa kawaida gray 30 kwa siku 10 za matibabu, huachiwa vivimbe vingi, kwa kuwa hudhoofisha kumbukumbu. Ombeni rufaa kwa daktari wa upasuaji wa ubongo na wa mionzi kwa pamoja.

Kabla ya kupanda boti kwenda Mokowe, upande wa bara, hakikisha ana dawa za safari nzima na ziada. Akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Ikipita dakika 5 ni dharura. Dawa ya degedege hapewi kama haijawahi kumshika, isipokuwa daktari aone sababu.

Kwenye bahasha weka ripoti ya maabara ya mji wa mimba, karatasi za matibabu ya awali, na CD ya CT yenyewe, si maelezo yake tu. Uliza pia kama ule uvimbe wa kwanza ulipimwa protini za MMR, zile zinazorekebisha makosa ya DNA ndani ya seli. Zikikosekana, dawa ya kuamsha kinga kama pembrolizumab inaweza kuingizwa kwenye mpango.