Majina yasomwe kwanza, jiwe lije baadaye

Siku tatu baada ya kuzindua jiwe letu la kuwakumbuka wanajeshi wa kwetu hapa Malindi, mama mmoja alikuja asubuhi na mapema akiwa ameshika mkono wa mjukuu wake. Yeye hajui kusoma. Mtoto alikuwa darasa la nne. Mtoto akaanza juu, kidole kwenye jiwe, akishuka jina baada ya jina, na kila akitamka moja mama anajibu, "Siye." Walipofika chini mama akasema, "Anza tena."

Nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yao, maana mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati. Mwana wa yule mama aliuawa Somalia Januari 2016, kambi ya jeshi la Kenya, KDF, ya El Adde iliposhambuliwa. Na jina lake lilikuwapo, mstari wa saba. Lakini fundi alikuwa akitutoza kwa herufi, nasi tukaona tupunguze gharama: jina la kwanza na la pili tukayakata yakabaki herufi moja moja, tukaacha la mwisho peke yake. Jiwe moja likawa na akina Karisa watatu. Mtoto alisoma "Kei, Si, Karisa," na bibi yake hakuwahi kuzaa mtu anayeitwa Kei Si.

Nilimwendea nikamwonyesha mstari. Aliweka kiganja pale, akakaa kimya, kisha akaniuliza, "Mbona hamkuniuliza, mwanangu? Kwangu si mbali." Kweli si mbali. Ni mwendo wa dakika kumi.

Naandika haya kwa sababu jamaa wa Lamu wameniuliza, na juzi vijana wa Takaungu pia, waanzie wapi wakitaka kuwakumbuka wanajeshi wa kwao. Ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanatoka humo: majina yasomwe kwa sauti mbele ya watu kabla fundi hajashika patasi. Anayetaka kusema "siye" apate mahali pa kulisema neno hilo likiwa bado linaweza kurekebishwa.

Sisi tulikuwa na nia njema na haraka nyingi. Mfadhili aliahidi kulipa, mgeni wa heshima alikuwa na nafasi siku moja tu, na orodha tuliikusanya kwa simu ndani ya wiki mbili. Hakuna aliyepinga. Tulilitaja hilo kwenye hotuba kama fahari, ilhali hakuna aliyepinga kwa kuwa hakuna aliyeulizwa.

Na Malindi, kati ya miji yote, ilipaswa kulijua hili. Vasco da Gama alifika hapa Aprili 1498, akapokewa vizuri, na Wareno wakatuachia nguzo yenye msalaba wa jiwe lililotoka Lisbon. Husimuliwa kwamba mwanzoni ilisimama karibu na nyumba ya mfalme, na watu wa mji, ambao walikuwa Waislamu, hawakuridhika nayo, ikabidi iondolewe. Hapo ilipo leo, juu ya ule mwamba unaoingia baharini, si mahali pake pa kwanza. Mfalme alikubali, mji haukuulizwa. Zaidi ya miaka 500 imepita na mimi nikalirudia kosa lile lile.

Ukienda Mombasa utaiona sanamu ya askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nairobi wako wenzake, na Dar es Salaam yupo yule wa shaba katikati ya jiji. Maneno yaliyoandikwa pale yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Zunguka sanamu nzima ulitafute jina moja la mpagazi. Hulipati. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi ikafika 350,000. Nilipoisoma habari hiyo nilimfikiria yule mama. Babu zetu walikosa majina kwa kuwa wenye kuandika hawakuwajali. Mwanawe alilikosa lake kwa kuwa sisi, majirani zake, tulihesabu herufi.

Basi tukaanza upya, na safari hii tukaweka utaratibu kwanza.

Anayetaka kumbukumbu huandika ombi la ukurasa mmoja: wanaokumbukwa ni kina nani, itakuwa nini, itakaa wapi, ardhi ni ya nani, na nani ataitunza miaka kumi ijayo. Ombi hubandikwa kwa siku 60 ofisini kwa chifu, msikitini, kanisani, sokoni, na pale bodaboda wanapopaki, kwa Kiswahili na Kigiriama. Siku 60 kwa sababu tunataka likizo moja ya shule iingie humo, watu wetu wa Mombasa na Nairobi wawe wamerudi. Pingamizi hupokelewa kwa mdomo, katibu anaandika, mwenye nalo anasomewa alichosema kabla ya kutia dole gumba. Kamati ni watu saba, wawili wao wanatoka katika familia zilizofiwa, na aliyetoa pesa haingii. Uamuzi hutolewa kwa maandishi pamoja na sababu zake, na asiyeridhika ana siku 30 za kurudi.

Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, kwa hiyo hatukubuni kitu kigeni. Tatizo ni kwamba tumezoea kuuona ushiriki huo kama viti vya plastiki, soda na karatasi ya kusaini mahudhurio. Mtu akishasaini, amekwisha kukubali. Ninawasihi msifanye hivyo kwa jambo la wafu. Ombi liwe na uwezo wa kukataliwa, na watu wajue hivyo tangu mwanzo. Sisi tumekwisha kukataa moja, la mtu mwenye uwezo aliyetaka jina la jamaa yake liandikwe kwa herufi kubwa kuliko ya wenzake. Ilikuwa wiki ngumu, lakini baada ya hapo watu walianza kuleta nyaraka bila kusukumwa.

Kwa upande wa ardhi nitasema kifupi. Jiwe letu la kwanza liko kwenye akiba ya barabara na siku barabara ikipanuliwa litang'olewa. Pateni barua ya mwenye ardhi, na kama ni ya kaunti, barua ya kaunti. Ndugu zangu wa Lamu, ninyi mna jingine: Mji Mkongwe wenu uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo hata kibao kidogo pale mbele ya ngome msikiweke kabla ya kuzungumza na Makumbusho ya Taifa.

Nirudi kwenye majina, maana hapo ndipo penye kazi. Kwetu mtu mmoja ana jina la nyumbani, jina la kitambulisho, na wakati mwingine la ubatizo au la kusilimu. Karani wa jeshi aliandika alichosikia. Mwanajeshi wa sasa ana namba ya utumishi, itumieni kuhakikisha. Kwa wazee wa Keya, yaani KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, kilichobaki mara nyingi ni medali ndani ya sanduku, wakati mwingine jina na namba zikiwa zimechorwa ukingoni. Mwombeni mwenye nyumba aiinamishe kwenye mwanga wa dirisha, msiisugue. Halafu familia ichague jina lisomeke vipi, na litakalochaguliwa liandikwe lote bila kukatwa.

Na familia ina haki ya kukataa. Hili sikulifikiria mpaka baba mmoja alipotuvuta pembeni. Kijana wake mwingine bado yuko kazini, na nyumba yao iko upande ambao watu hawajasahau mashambulizi ya al-Shabaab ya Mpeketoni, Juni 2014. Hakutaka jina la ukoo wake ukutani, kila mpita njia ajue hii ni nyumba ya askari. Tuliliondoa na hatukumwomba sababu mara ya pili.

Siku ya kusoma tulikaa chini ya mwembe, baada ya Alasiri, saa ambayo walio misikitini na walio makanisani wote wanaweza kufika. Nilisimama na karatasi nikasoma jina moja, nikanyamaza. Mtu wa familia anaitikia. Kama hakuna wa kuitikia, jina halipiti siku hiyo. Tulikuwa na majina 23 nami nilidhani tutachukua nusu saa. Tulitoka giza likiingia. Mzee mmoja alisimama kumsemea ami yake aliyeondoka Kilindini Februari 1944 kwenye meli Khedive Ismail akiwa mpiga mizinga. Nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na Maldives, wakafa watu 1,297, wengi wao wakiwa vijana wa Afrika Mashariki. Nyumbani walisubiri bila kaburi. Tulipomwambia kwamba waliokufa bila kaburi wana ukumbusho wao kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, na kwamba kamati itaandika kuuliza kama jina la ami yake limo, alituomba tuyarudie maneno hayo mara mbili.

Yule mama alikuwapo pia, ameketi mkekani mbele. Nilisoma majina matatu ya mwanawe kamili, pole pole. Akasema, "Ndiye." Mjukuu akamtazama, naye akasema tena, "Ndiye huyo."

Ubishi mkubwa ulizuka palipotajwa wapagazi na Keya wa 1914. Rasimu ilisema "waliojitolea kwa ajili ya nchi". Mzee kutoka upande wa Jilore akanyanyua fimbo. Akatukumbusha kwamba Agosti ya mwaka huo Waingereza waliilipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, na askari wa Keya wakachoma nyumba za Wagiriama. Kisha watu wetu wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa watoe vijana 1,000 wa kubeba mizigo vitani. "Mekatilili aliyewapinga Waingereza mmemwekea sanamu mjini," alisema, "na waliotuchomea mnawawekea jiwe, halafu mbebaji aliyetekwa mnasema alijitolea?" Hakupaza sauti. Watu walinyamaza.

Sikuwa na jibu na sikujaribu kulitengeneza. Tulitenga ombi hilo kutoka kwa yale mengine, na neno "waliojitolea" tukalifuta. Mpaka sasa mapendekezo ni mawili, "waliochukuliwa" na "waliopelekwa", na kuna familia za Keya waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia zinazosema sawa, ya 1914 ni hivyo, ila baba zao walikwenda kwa miguu yao wenyewe. Zote mbili ni kweli. Jiwe moja lisilazimishwe kusema neno moja kwa vita viwili. Afadhali viwe vibao viwili.

Kuhusu umbo, msianze na sanamu. Kwetu pwani, familia nyingi za Kiislamu hazitaki mfano wa mtu usimamishwe kwa jina la maiti wao, na wangenyamaza kwa adabu tu. Tulipouliza, wengi walitaja maji. Mtu akifa, kisima ni sadaka inayoendelea kumfikia. Familia za Kikristo hazikuwa na neno, na kina mama wote walifurahi. Kwa hiyo kumbukumbu yetu ya pili ni bomba la maji lenye tangi, mabenchi mawili ya saruji, na kibao ukutani chenye majina kamili. Chini tumeacha nafasi tupu ya mistari sita.

Bomba huharibika, ndipo inapokuja fedha ya matunzo. Hapo tuliiga Marekani. Sheria yao ya 1986 kuhusu kumbukumbu katika mji mkuu, Washington, inamtaka mjenzi aweke pembeni asilimia 10 ya gharama kwa ajili ya kutunza kabla hajaruhusiwa kujenga. Sisi tulifanya hivyo hivyo, pesa ikae benki kwa saini tatu. Ukuta wao wa wanajeshi wa Vietnam nao una funzo: mwaka 1981 michoro 1,421 ilishindanishwa bila majina ya wachoraji, na aliyeshinda, Maya Lin, alikuwa mwanafunzi wa miaka 21. Ukuta ule una majina zaidi ya 58,000, kila jina limeandikwa. Kwa hiyo fundi akikwambia herufi ni ghali, tafuteni pesa ya herufi, punguzeni marumaru.

Ombi la wapagazi bado liko wazi. Karatasi niliyoibandika kwa chifu imepauka kwa jua, na wiki iliyopita nilikuta watu wameandika pembeni kwa penseli, majina manne kwa hati tofauti, na mmoja ameongeza "huyu alirudi, akafia nyumbani Ganda". Nimeyanakili yote. Nimebandika karatasi mpya yenye pambizo pana zaidi, na penseli nimeifunga kwa uzi msumarini.