Wifi mjamzito anakunywa kila siku: msimwachishe ghafla

Dada mleta mada, umesema wifi yako ana mimba ya miezi mitano, anapika komoni (pombe ya kienyeji) ya kuuza, anaanza kunywa asubuhi, na kaka yako amepanga kumfungia ndani wiki nzima "mpaka pombe imtoke". Tafadhali mzuie kaka yako leo hii. Mwili uliozoea pombe ukikatishwa ghafla unaweza kuleta degedege, na hapo mnaweza kumpoteza mama na mtoto.

Mwangalieni asubuhi kabla hajagusa kikombe. Anyooshe mikono mbele, vidole vimetanuka. Vikitetemeka, au chai inamwagika kabla haijafika mdomoni, anatoka jasho na kutulia akishapata kidogo, huyo mwili wake umeshakuwa tegemezi wa pombe. Mpelekeni hospitali yenye kulaza, zahanati haitoshi. Kutetemeka huanza saa chache baada ya kikombe cha mwisho, degedege mara nyingi huja ndani ya saa 48, na kuchanganyikiwa siku ya pili au ya tatu. Mkifika, mwambieni muuguzi kikombe cha mwisho kilikuwa saa ngapi. Msipotaja pombe, akianguka watadhani ni kifafa cha mimba tu. Ulizeni pia kuhusu vitamini B1, maana mlevi asiyekula vizuri huwa imemwishia, na anatakiwa aipate kabla ya dripu ya sukari au pamoja nayo.

Kama hana dalili hizo hata moja, aache leo. Ila ulizeni vizuri. "Unakunywa?" atajibu hapana. Muulize jana alianza saa ngapi, kwa kikombe kipi, kikajazwa mara ngapi. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi. Glasi ndogo ya gongo (pombe kali ya kienyeji), mililita 100, ikifika asilimia 40 ina kama gramu 32. Na mpika pombe hahesabu kuonja. Anaonja ikichacha, anaonja ikichujwa, anaonja na mteja wa kwanza, jioni anaapa hajanywa.

Kwa hiyo pipa la komoni lihame. Nimeona familia nyingi zinakazana kumhubiria mama huku pombe inachacha nyuma ya kitanda chake. Lakini ile ndiyo ada ya shule na unga wa nyumbani, hivyo mkiliondoa mtafute mbadala siku hiyohiyo: mtaji wa maandazi, au mtu mwingine apike na kuonja, yeye apate gawio. Kaka yako naye asinywe nyumbani mpaka mtoto azaliwe. Hili la mume ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalorudisha wengi nyuma.

Msimwambie "umeshamharibu mtoto". Atakunywa kwa uchungu na kliniki ataikimbia. Ukweli ni kwamba pombe hupita kondo la nyuma na ini la mtoto halina uwezo wa kutosha wa kuiondoa, wala hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Lakini ubongo unaendelea kujengwa mpaka kuzaliwa na baada ya hapo, kwa hiyo miezi minne iliyobaki ina thamani kubwa sana. Mtu mmoja anayemwamini aende naye kliniki kila hudhurio, na akiteleza aweze kumwambia bila kuogopa matusi.

Mtu huyohuyo asimwache baada ya kujifungua. Seattle, Marekani, kuna mpango ulioanza 1991 wa kumtembelea nyumbani mama wa namna hii kwa miaka 3, kwa sababu hatari haiishii leba: mimba inayofuata huja kabla hajatulia. Zungumzieni uzazi wa mpango mapema.

Na bibi atakuja na kibuyu akisema komoni huleta maziwa. Mpokeeni kwa heshima, kibuyu kikae nje. Maziwa huja kwa mtoto kunyonya mara kwa mara, usiku na mchana. Mama apewe uji na supu.