Jibu: Kutoa kava la taimingi bila kuchana gasketi ya sampo

Ndugu, umeuliza kama kava la cheni ya taimingi (kifuniko cha mbele ya injini) linaweza kutoka bila kushusha sampo yote, yaani bakuli la oili chini ya injini. Kwa injini nyingi inawezekana, ila haraka ndiyo inayochana gasketi, ule mpira unaoziba oili kwenye ukingo wa sampo.

Mwaga oili kwanza, kisha toa puli ya krenki (gurudumu la mkanda mbele ya injini) kwa pula, kile kifaa cha kuvutia, si kwa nyundo. Bolti za kava hutofautiana urefu, kwa hiyo zichomeke kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio uleule. Usisahau zile zinazopanda kutoka chini ya sampo kuingia kwenye kava. Wengi huziacha, halafu wanashangaa kava limegoma.

Kazi yenyewe iko kule chini kava linapokutana na sampo. Legeza bolti za sampo za pande mbili, theluthi ya mbele tu, hadi sampo ishuke kidogo. Pitisha wembe mpana, mwembamba, kati ya kava na gasketi, taratibu, ukianzia pembeni ambako silikoni ya zamani imeshika zaidi. Ukiona mpira unavutika kufuata kava, simama, rudisha wembe. Kisha vuta kava mbele, moja kwa moja. Usilibinue kwa bisibisi: alumini inakwaruzika, na hapo oili itavuja hata ukiweka gasketi mpya.

Wakati wa kurudisha, safisha kwa kitambaa na paka silikoni kidogo kwenye zile kona mbili ambapo bloku, kava na sampo vinakutana. Gasketi ikiwa imekauka na kupasuka, shusha tu sampo ubadilishe.