Muulize Mwalimu: Wabishi wa Chemsha Bongo

Toleo hili nimeliachia wanaocheza chemsha bongo na marafiki mtandaoni. Barua zao zimejaa, na karibu zote zinataka niseme nani alikuwa na haki. Nimechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na msomaji mwingine. Zilizokuwa matusi matupu kwa mwamuzi nimeziweka kando.

Shikamoo Mwalimu. Tuna kundi letu la WhatsApp, na kila Ijumaa usiku mmoja wetu anatunga maswali. Juzi liliulizwa: "Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ni nani?" Mimi nikaandika Albert Luthuli wa Afrika Kusini. Mwenzangu akaandika Max Theiler, wa tatu akaja na Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria. Mtunzi kampa alama mtu wa Theiler. Tumebishana mpaka usiku wa manane, na kuna wawili hadi leo hawasalimiani. Nani kakosea?
*– Shabiki wa Luthuli*

Marahaba. Aliyekosea ni mtunzi, ingawa jibu aliloliandika kwenye daftari lake linaweza kutetewa vizuri tu.

Tuanze na Theiler. Alizaliwa Pretoria mwaka 1899, wazazi wake wakiwa Waswisi. Akasoma Cape Town, akaendelea London, kisha mwaka 1922 akahamia Marekani, na huko ndiko alikofanya kazi ya chanjo ya homa ya manjano iliyompa Nobel ya Tiba mwaka 1951. Kama kigezo ni kuzaliwa Afrika, kamtangulia Luthuli kwa miaka mingi na mwenzako kashinda kihalali.

Lakini mkishika kigezo hicho, mkishike mpaka mwisho. Albert Camus, aliyepata Nobel ya Fasihi mwaka 1957, alizaliwa Algeria. Claude Simon, aliyeipata mwaka 1985, alizaliwa Antananarivo, Madagaska. Wote wawili ni waandishi wa Kifaransa, na sijaona kundi lolote likiwapigia makofi kama Waafrika. Ukimkubali Theiler kwa cheti cha kuzaliwa, huyo Soyinka wa mwaka 1986 ambaye kila mtu anamtaja kuwa Mwafrika wa kwanza katika fasihi anashuka hadi nafasi ya tatu. Muulize mtunzi wenu kama yuko tayari kwa hilo. Naona atakaa kimya kidogo.

Luthuli wako ni Mwafrika wa kwanza kupata Nobel ya Amani, na hapo hapingiki. Swali lingeandikwa "Nobel ya Amani" mngelala mapema. Ila usije ukaongeza "mwaka gani?" bila kufikiri, maana tuzo yake ni ya mwaka 1960 lakini alikabidhiwa Oslo Desemba 1961. Kamati iliona mwaka 1960 hakuna aliyependekezwa aliyefikia masharti, ikaiweka tuzo akiba, ikampa yeye mwaka uliofuata. Swali la mwaka lina wabishi wake wengine kabisa.

Alama: wewe na mtu wa Theiler mpate wote. Wa Soyinka hapati, kwa kuwa swali lilisema Tuzo ya Nobel tu, na kwa kigezo chochote kuna aliyemtangulia. Na hao wawili wasalimiane bwana.

Mwalimu, mimi na binamu yangu tumekatana. Swali: binadamu alikanyaga mwezi tarehe ngapi? Yeye 20 Julai 1969, mimi 21. Nina ushahidi, naye anao.
*– Mwana wa Anga*

Mna haki wote wawili, na hii ni mojawapo ya zile chache ambazo nafurahi kuziona. Chombo kilitua mwezini tarehe 20, saa mbili na dakika 17 usiku kwa saa za Greenwich. Armstrong, mwanaanga aliyekanyaga wa kwanza, hakutoka papo hapo. Alipoweka mguu chini ilikuwa saa tisa kasoro dakika nne usiku kwa saa hizo hizo za Greenwich, yaani tarehe 21 imeshaingia. Wakati huohuo kule Houston, ilikokuwa ikiongozwa safari, saa zilionyesha saa nne kasoro dakika nne za usiku wa tarehe 20. Vitabu vya Marekani vimeandika 20 na havina kosa.

Uliza "walitua" badala ya "alikanyaga" na utaje saa za Greenwich. Bila hizo saa, mtu wa Tokyo atakuambia hata kutua kwenyewe kulikuwa tarehe 21, naye atakuwa sahihi.

Kuna mwenzetu kila swali anapata. Lakini anachelewa, na akijibu anajibu kwa sentensi ndefu iliyonyooka kama kamusi. Sote tunajua anapiga chabo Google ila hatuna ushahidi. Tumtegee mtego? Mmoja wetu ametoa wazo la kutunga jambo la uongo, tuliweke mtandaoni, tuone kama atalijibu.
*– Tumechoka Naye*

Huo mtego ni wa zamani, na historia yake ni tamu kuliko huo ugomvi wenu. Fred Worth, Mmarekani aliyekuwa akiandika vitabu vya maarifa madogomadogo, alipenyeza uongo mmoja makusudi katika kazi yake: kwamba yule mpelelezi wa televisheni, Columbo, jina lake la kwanza ni Philip. Jina hilo halikuwa na asili yoyote isipokuwa kichwani mwa Worth. Baadaye ukaja mchezo wa chemsha bongo wa Trivial Pursuit, ambao wazo lake lilizaliwa Kanada mwaka 1979, na ndani ya kadi zake Worth akakuta swali la jina la Columbo. Jibu: Philip. Akawapeleka wenye mchezo mahakamani akidai mamilioni ya dola.

Akashindwa. Wenye mchezo walikiri kwamba vitabu vyake vilikuwa miongoni mwa vyanzo vyao, na mahakama ikasema ukweli wa mambo hauna mwenyewe. Kuokota taarifa kutoka vitabu mbalimbali na kuzipanga upya si wizi. Kwa hiyo alimnasa mtu na bado akatoka mikono mitupu. Nanyi mtamnasa mwenzenu, atasema "nilisoma mahali", na atakuwa anasema kweli, kwa sababu mahali penyewe mmepaweka ninyi. Tena uongo ukishaingia mtandaoni haurudi. Philip wa Columbo yumo humo mpaka leo.

Mbadilikie kwa aina ya maswali. Mpige picha jambo linalojulikana, mkate kipande kidogo cha pembeni, muulize ni nini. Wekeni mambo manne ya kupanga kwa mpangilio wa miaka: anayejua anayapanga kwa kukisia vizuri, anayetafuta inabidi atafute mara nne na muda unamwishia. Ulizeni pia yale ambayo jibu la haraka linadanganya. Jangwa kubwa kuliko yote duniani? Mwenye pupa ataandika Sahara, yenye kilomita za mraba zipatazo milioni 9. Antaktika ina takriban milioni 14, na jangwa hupimwa kwa uchache wa mvua na theluji inayoanguka, si kwa mchanga. Hapo mtaona nani anafikiri.

Hata hivyo, kuna watu ambao wanaandika kama kamusi kwa sababu ndivyo walivyo. Mpigieni simu ya video mara moja, mcheze ana kwa ana, kabla hamjamhukumu.

Nina kitabu cha chemsha bongo nilichoachiwa na babu. Kundi linanicheka, eti majibu yangu yamechacha. Maarifa yanachacha?
*– Mrithi*

Yanachacha sana. Kitabu cha babu kitakuambia sayari ni tisa. Tangu Agosti 2006 wanaastronomia wameiondoa Pluto kwenye orodha, zimebaki nane. Kitakuambia nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa ni idadi fulani. Ni 193 tangu Sudan Kusini ijiunge mwaka 2011. Mji mkuu wa Kazakhstan uliitwa Astana, mwaka 2019 ukawa Nur-Sultan, mwaka 2022 ukarudi kuwa Astana, kwa hiyo hapo kitabu kilikosea kwa miaka mitatu kisha kikapata tena bila kuguswa. Miezi inayoizunguka sayari ya Zohali usiiguse kabisa: Machi 2025 ilitambuliwa mingine 128 kwa mkupuo, jumla ikafika 274.

Kitumie kitabu kwa yaliyokwisha kutokea. Hillary na Tenzing walifika kilele cha Everest tarehe 29 Mei 1953, na hilo hakuna kikao kitakacholipigia kura. Urefu wa mlima wenyewe, sasa, umepimwa upya.

Mimi ndiye mwamuzi. Nikifuta swali wananilaumu, nikilibakiza wananilaumu. Nifuate sheria gani?
*– Filimbi Imenichosha*

Usifute. Ukifuta unamwadhibu aliyejua ili kumtuliza asiyejua. Majibu mawili yakisimama kwa hoja, yape yote alama, usonge mbele. Pingamizi lipokelewe kabla swali linalofuata halijatumwa. Likishatumwa, mlango umefungwa, hata kama mtu ataleta ensaiklopidia nzima. Anayepinga alete hoja yake kwa ujumbe mmoja. Ujumbe wa sauti wa dakika sita haupokelewi, mimi huwa sisikilizi hata mwanzo wake. Na jibu lako uwe umeliandika kabla ya mchezo, pamoja na ulikolitoa, wasije wakasema umelipinda kumfaa rafiki yako.

Mto mrefu kuliko yote duniani ni upi? Jibu fupi tafadhali, wananisubiri.
*– Haraka*

Vitabu vingi vinasema Nile, kama kilomita 6,650, na Amazon kama 6,400. Lakini mwaka 2007 watafiti wa Brazil walisema Amazon ndio mrefu zaidi, kwa sababu kila kitu kinategemea chanzo unachoanzia na mdomo unaoishia. Waambie wanaokusubiri wabadilishe swali: mto upi unamwaga maji mengi zaidi baharini? Amazon, na wa pili yuko mbali sana nyuma yake.