Mke Wangu Alivuta kwa Kujificha, na Mimi Nilichangia

Nilijua kwa sababu ya kiberiti. Nilikuwa nafua nguo, nikakikuta kimelowa mfukoni mwa gauni lake. Mimba ilikuwa ya miezi 3, na wiki mbili nyuma alikuwa ameniapia kwamba sigara ameacha. Nikamkaripia: unamuua mtoto wetu! Akalia, akaapa tena, na tangu siku hiyo akazidi kujificha. Ukali wangu haukuzaa kingine.

Aliyenifumbua macho ni mkunga. Hakumuuliza "unavuta?", maana mwenye haya atajibu hapana. Kwa sauti ileile aliyomuulizia habari za usingizi, alisema, "Siku hizi umepunguza hadi ngapi?" Mke wangu akanitupia jicho, kisha akajibu: nne. Siku ile ndipo tulipoanza kweli.

Mkunga akatueleza bila vitisho. Moshi wa sigara una kaboni monoksidi, hewa inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtoto anapungukiwa. Nikotini nayo, ile kemikali ya sigara inayomfanya mtu awe mraibu, inabana mishipa ya damu. Ndiyo maana wavutaji wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuzaa njiti, kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo, au kumpoteza akiwa bado tumboni. Lakini hewa ile hutoka mwilini ndani ya siku moja au mbili tu baada ya kuacha. Nadhani hilo ndilo lililomshika mke wangu kuliko yote: kwamba akiacha leo, kesho kutwa mtoto anapata nafuu.

Jambo jingine ambalo sikulijua: mwili wa mjamzito huimaliza nikotini haraka kuliko kawaida, kwa hiyo arosto, yaani ile hamu kali ya sigara, humrudia upesi. Nilikuwa nauita uzembe. Haukuwa uzembe hata kidogo.

Mimi mwenyewe nilikuwa navuta. Nikaacha usiku uleule, kwani moshi wangu ulikuwa unamfikia yeye na mtoto, na nisingeweza kumwomba avumilie huku mimi nanukia sigara. Ndugu yangu mwenye mke mjamzito, kama unavuta, anzia hapo.

Kwake saa ngumu ilikuwa baada ya kula. Tulikubaliana kwamba akimaliza tu anakwenda kupiga mswaki, mimi naosha vyombo, kisha tunatoka kutembea. Arosto huja kama wimbi, likapita baada ya dakika chache. Mara nyingine alinishika mkono tu, kimya, hadi likapita. Dawa hatukujinunulia; vibandiko vya ngozi na bazoka za kutafuna zenye nikotini ni vya kuzungumza kwanza na daktari au mkunga wako.

Aliteleza mara moja, mwezi wa 5 wa mimba. Safari hii aliniambia mwenyewe. Nikamuuliza ilikuwa saa ngapi na alikuwa na nani, basi. Ilikuwa baada ya ugomvi wa simu na ndugu yake, tukapanga kwamba simu za namna hiyo atazipokea nikiwa karibu.

Usilegeze kamba mtoto akizaliwa, kwa sababu wengi hurudia kipindi hicho, usingizi ukiwa haba. Wetu alikuwa na wiki 6 mke wangu aliponipigia nikiwa kazini: "Naitaka." Nikatoka nje, nikabaki naye kwenye simu, nikimsikia mtoto akinyonya, mpaka akasema imepita.