Digrii online huku upo kazini: anzia kwa HR, chuo baadaye

Mkuu nimekusoma. Una diploma ya uhasibu, uko kazini hapa Dar, unataka kusoma digrii online bila kuacha kazi, na kuna mtu kakurushia tangazo la chuo cha nje kinachotoa digrii online kwa miezi sita. Wadau wengi hapo juu wamekimbilia kukutajia chuo cha bei rahisi, mi naona hilo ni la mwisho kabisa. Cha kwanza jiulize hiyo digrii unampelekea nani, maana atakayeipokea ndo ataamua kama ni digrii au karatasi.

Mimi nimesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, biashara upande wa uhasibu, huku nafanya kazi na watoto wadogo wako nyumbani, so naongea nilichopitia.

Kabla ya kulipa hela yoyote ya fomu nenda kwa HR wako, muulize kwa maandishi: nikileta digrii ya chuo fulani, ya kusoma kwa mtandao, mtanitambua? Usiulize mdomoni, HR wanahama na maneno yao wanahama nayo. Pale nilipokuwa mwanzo kuna mwenzetu alileta cheti cha nje, kizuri kabisa kina mhuri wa dhahabu, akaambiwa alete barua ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ya kukitambua hicho cheti. Akaanza kuhangaika wakati ada ameshamaliza kulipa. Kama uko serikalini ndo zaidi, hakikisha jina lako lipo kwenye mpango wa mafunzo na una barua ya ruhusa ya mwajiri, la sivyo siku unaomba kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishiwa kada inayolingana na digrii yako, utazungushwa mpaka uchoke.

Hiyo ya miezi sita achana nayo tu. Digrii ya kwanza hapa kwetu ni miaka mitatu kwenda juu, sasa mtu akikupa ndani ya miezi sita jiulize TCU wataiangaliaje. Sisemi vyuo vya nje vyote ni magumashi, hapana. University of the People ya Marekani kwa mfano ipo tangu 2009, inafundisha yote mtandaoni na ina ithibati ya kwao, ada ya masomo hawatozi ila kila kozi ina malipo yake ya mtihani, na hayo yakijumlishwa kwa dola sio kidogo. Ila hata huko bado utarudi TCU kuomba utambuzi, kwa hiyo waulize kabla hujaanza, usisubiri umalize. Na kama ndoto yako ni CPA, ule uhasibu wa kitaaluma, kasome kwanza masharti ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, mwenye digrii ya uhasibu na mwenye digrii ya kitu kingine hawaanzii ngazi moja.

Huria yenyewe imeanzishwa kwa sheria ya 1992, watu walikuwa wanasoma kwa vitabu vya kuchapishwa kabla hata hatujajua intaneti, sasa hivi masomo yako kwenye Moodle, mfumo wa kusomea mtandaoni. Ina vituo mikoani, na ada unailipa kufuatana na kozi ulizosajili, hii ilinisaidia sana kwa sababu mwaka ambao hela imebana unasajili chache unasonga taratibu. Ubaya wake ndo huohuo, ukianza kupunguza kozi kila mwaka utajikuta una miaka mitano, sita, bado unaitwa mwanafunzi na wenzako wote mliojiunga pamoja washavaa majoho.

Sasa watu wanakutisha na bando na laptop. Bando sio tatizo kihivyo, unashusha madesa (notisi) usiku kwenye simu, unayasoma ndani ya mwendokasi. Kinachowaangusha watu kazini ni kalenda. Sisi wa uhasibu tuna kufunga mwezi, kufunga mwaka, wakaguzi wanakuja, na mtihani haujui hayo. Ratiba ikitoka tu, siku hiyohiyo andika barua ya likizo, usingoje wiki ya mtihani. Mimi likizo yangu ya mwaka niliigawa vipande, yote ikaishia kwenye mitihani, Moshi kwa wazazi nikawa sionekani, mama akawa anauliza huyo mtoto ameolewa na chuo au na mwanaume.

Alafu kingine hakuna anayekuambia: masomo ni ya mtandao lakini mtihani unakaa kituoni, kwenye kiti, na kalamu. Ukishazoea Excel miaka yote hiyo, kuandika kwa mkono kwa masaa matatu ni adhabu. Mtihani wangu wa kwanza saa ya pili dole gumba limekufa ganzi, mwandiko unaelekea chini ya mstari, swali la mwisho la kodi nalijua kabisa ila mkono hautaki. Baada ya hapo kila Jumapili nikawa nachukua pepa za nyuma nazijibu kwa mkono mezani na watoto wanafanya homuweki pembeni. Jaribu hiyo, hata nusu saa.

Grupu la WhatsApp la kozi yako litafute wiki ya kwanza. Nusu ya meseji ni pole na hongera na matangazo ya vikoba, lakini humo ndo utajua asainmenti imesogezwa au chumba cha mtihani kimebadilishwa. Wanaouza asainmenti zilizofanywa tayari nao wapo humohumo, kaa nao mbali, usije ukadisko (kufukuzwa chuo) kwa ajili ya elfu kumi.

Kuhusu sifa za kujiunga, kwa diploma kawaida wanataka GPA ya 3.0. Kama yako iko chini ya hapo usikate tamaa, Huria wana foundation, kozi ya maandalizi, unaisoma kwanza halafu ukitoka na 3.0 ndo unaingia digrii. Angalia pia mwongozo wa TCU wa mwaka huu kwa kozi unayoitaka, maana vigezo vinatofautiana na vinabadilika.

Hujasema GPA yako ya diploma ni ngapi mkuu, iweke hapa, hatuwezi kujua kama unaanzia foundation au unaingia moja kwa moja.